Kibali Ndani ya Simu

Mwaka ule vibali vya kuwindia vilihamia kwenye simu. Kile kijitabu cha zamani chenye muhuri wa bluu, kilichonuka moshi kwa kutundikwa darini, hakikutakiwa tena. Mwezi wa sita wawindaji wa Lupaso, Chiwata na vijiji vya jirani waliitwa Masasi mjini wakaelezwe. Vitalis alikwenda na mkewe Severina, kwa sababu macho yake yaliyomwona swala kichakani kutoka mbali hayakuwahi kupatana na herufi ndogo.

Walikaa kwenye mabenchi nyuma ya ofisi, wanaume kama thelathini na mwanamke mmoja. Karani aliyewaelekeza, kijana mtanashati aitwaye Justin, alikuwa mgeni kutoka Dodoma, na alisema haraka haraka kama mtu anayesubiriwa mahali.

"Mnaingia humu, mnaandika namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya bunduki, mnyama mnayemwombea, mnalipia. Kibali kinatokea. Askari akikusimamisha njiani unafungua simu, unamwonyesha. Basi."

"Na haya maneno ya 'ruhusu'?" aliuliza Severina, aliyekuwa ameishika simu mpya ya mumewe. "Inataka iruhusiwe kujua tulipo. Nikibonyeza, inataka picha zetu. Tena inataka majina ya watu tunaowapigia."

"Ruhusu tu, mama. Usiporuhusu haiendelei mbele."

Mabenchi yalilia. Nasibu, rafiki wa Vitalis tangu utoto, akasimama. Nasibu hakuwa na bunduki. Kazi yake porini ilikuwa kufuata nyayo na kuchinja, ili nyama iliwe na Waislamu na Wakristo wa Lupaso bila mtu kuuliza swali.

"Mwanangu," alisema, "baba yangu mzazi hakuwahi kumwambia hata ndugu yake wa tumbo moja mahali swala na pofu wanapokunywa maji. Leo nimwambie mtu wa Dodoma nisiyemjua hata kwa sura?"

Watu wakacheka. Justin naye akacheka kidogo. "Hakuna anayekufuatilia, mzee."

"Sasa kama hakuna anayetaka kujua, inauliza ya nini?"

Justin alitazama saa, akasema muda umekwisha, wanaohitaji msaada wapange foleni. Severina akabonyeza ruhusu mara tatu, na kibali kikatokea na picha ya Vitalis iliyomfanya aonekane mgonjwa.

Tangu siku hiyo kila mwindaji alijitafutia dawa yake. Mmoja wa Chiwata aliizima simu kila alipofika porini. Mwingine aliifunga kwa nailoni akaitia ndani ya sufuria yenye mfuniko, akiamini chuma hakipitishi habari. Nasibu, ambaye hata kibali hakikuwa kwa jina lake, aliifukia simu yake ghalani katikati ya mahindi, ili serikali ijue kuwa ameketi nyumbani. Vitalis peke yake hakufanya lolote.

"Mimi sina cha kuficha," alisema.

Wakati ule ilikuwa kweli.

Mwezi wa nane Severina aliona uvimbe kwenye titi la kushoto. Kwanza alidhani ni jipu, akaliwekea majani, akanyamaza. Liliposhindwa kujificha tena, yeye na mumewe walikwenda Newala kwa dada yake Bertila, ambaye ni muuguzi. Daktari alipasua, akatoa usaha, akakata kipande kidogo cha nyama cha kupeleka maabara. Majibu, alisema, yangechukua wiki kadhaa, kwa sababu kipande kinasafirishwa mbali.

"Kutoka Lupaso hamwezi kuja hapa kila siku," Bertila aliwaambia mlangoni. "Nitumieni picha ya kidonda kila baada ya siku mbili, nimwonyeshe daktari. Kikibadilika rangi, mje siku hiyo hiyo. Na picha msizifute, anataka kulinganisha."

Ndivyo Vitalis alivyogeuka mpiga picha. Alifunga mlango, akafungua dirisha la upande wa mikorosho ili mwanga uingie, na Severina akakaa kwenye kigoda akageuza uso ukutani. Mikono ile iliyozoea bunduki ilishindwa kutoa picha isiyo na ukungu.

"Tulia," alinong'ona.

"Mimi nimetulia. Ni wewe."

Picha ya kwanza ilipopatikana, Severina alifunga kanga yake. Alikulia Chilangala, na huko alimwona mwanamke mmoja, Theodora, aliyeugua titi. Kabla majibu hayajarudi watu walishaanza kuingia kwake na nyuso za msibani. Shemeji zake waligawana kwa maneno nani atamchukua mtoto yupi, naye akiwa chumba cha pili anasikia. Theodora aliishi miaka miwili zaidi, akitazamwa kama maiti inayochelewa.

"Baba Oliva," alisema, "mtu asijue. Oliva asijue, yuko bweni, atashindwa kusoma. Hata mama yako asijue."

"Nimesikia."

Vitalis hakuwa mtu wa kuapa. Neno hilo kwake lilitosha.

Ilikuwa Alhamisi moja ya mwezi wa kumi. Severina alikuwa uani akianika makopa ya mihogo aliposikia pikipiki ya Nasibu ikipanda njia. Yeye na Vitalis walikuwa wameondoka tangu juzi kwenda upande wa Ruvuma, na alitazamia kuwaona wote wawili na nyama nyuma. Akamwona Nasibu peke yake, miguu imejaa vumbi jekundu mpaka magotini.

"Shemeji, usishtuke," alisema Nasibu, na Severina akashtuka.

"Yuko wapi?"

"Yuko mzima. Yuko kwenye kizuizi cha barabarani, kwa askari wa wanyamapori. Tumepata swala mmoja, halali kabisa. Tumefika kizuizini, wanataka kibali. Bonde lile mtandao haushiki, ile programu inazunguka tu, inazunguka. Mumeo akasema, kibali nimekipiga picha, kimo humu kwenye picha zangu. Mkuu wao akasema, haya, lete simu nikague. Mumeo akasema, nitakuonyesha mwenyewe. Mkuu akasema, nimesema lete. Akakataa."

"Alikataaje?"

"Aliiweka ndani ya shati akaikumbatia! Vitalis huyu, asiyebishana hata na mbuzi! Basi imekuwa kesi. Wanasema ana picha za nyara, sijui pembe, sijui nyati. Polisi wameitwa kutoka Masasi waje wamchukue na bunduki yake." Nasibu alijifuta uso kwa mkono. Akashusha sauti. "Shemeji, mimi si askari. Niambie. Mle ndani ya simu mna nini?"

Severina alikuwa ameshajua tangu neno 'picha'. Alitazama makopa yaliyotandazwa mkekani, meupe, nusu yakiwa bado kwenye ungo. Angeweza kusema hajui. Vitalis angekaa rumande, bunduki ya baba yake ingechukuliwa, na yeye angebaki na siri yake nzima kabisa ndani ya nyumba isiyo na mtu.

"Nipe muda nivae kanga nyingine," alisema. "Unanipeleka."

Kizuizi kilikuwa boriti moja iliyolazwa barabarani, na kando yake kijumba cha bati na turubai. Chini ya turubai walikaa wasafiri wengine waliosimamishwa: wawindaji watatu wa Chiwata, mchuuzi wa samaki wakavu, na wanaume wawili ambao hawakuwa na shughuli yoyote ila kutazama. Vitalis alikalishwa chini kwenye mchanga. Walikuwa wamemvua viatu na mkanda. Swala alikuwa kando yake, nzi wamemjaa, na nyama iliyokuwa chakula asubuhi ilianza kubadilika harufu.

Severina hakuwahi kuiona miguu ya mumewe ikiwa uchi mbele za watu wageni. Nyayo zilikuwa zimepasuka kama udongo wa kiangazi. Hilo lilimuuma kuliko alivyotazamia.

"Severina, rudi nyumbani," alisema Vitalis.

Miaka mingi hakuwa amemwita kwa jina mbele za watu.

Mkuu wa kituo alitoka kijumbani na kikombe cha chai. Aliitwa Christopher, mtu wa Kanda ya Ziwa, mrefu, sauti ya taratibu. Nyuma yake alisimama askari wa kike, kijana, jina lake Violet limeandikwa kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Wewe ndiye mkewe? Afadhali umekuja, labda atakusikia. Mumeo hana matata, anajibu vizuri. Lakini simu hatoi. Na mimi kazini nimejifunza jambo moja: asiye na hatia hafichi."

"Afande, naomba nizungumze na huyu dada pembeni."

"Zungumza hapa. Hii ni kazi ya serikali, mama, haina chumbani."

Mmoja wa wanaume wa kutazama akacheka puani. Mchuuzi wa samaki akasogeza kapu lake ili asikie vizuri. Severina aliwatazama wote, mmoja mmoja, akaona kwamba hakuna mlango wa kupitia ila ule wa mbele.

"Haya," alisema. "Ndani ya simu ile hakuna pembe. Kuna titi langu."

Kikombe cha mkuu kilisimama njiani.

"Titi la kushoto. Lilipasuliwa mwezi uliopita, lina kidonda, na sijui bado ni ugonjwa gani. Mume wangu analipiga picha kila baada ya siku mbili, anamtumia muuguzi Newala. Nilimwomba asimwambie mtu, naye hajamwambia. Hata huyu rafiki yake hajui, mtazameni uso. Sasa kama serikali inataka kuliona, lione. Lakini kwanza mpeni mume wangu viatu vyake."

Hakuna aliyecheka tena. Wawindaji wa Chiwata walitazama chini, kila mtu akiutafuta mchanga wake. Nasibu alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja. Vitalis alilia, machozi tu bila sauti, uso umenyooka mbele kama wa mtu anayepita kwenye upepo.

Violet hakusubiri amri. Alipiga hatua, akachukua viatu na mkanda mezani, akaviweka mbele ya Vitalis. Kisha akachuchumaa.

"Baba, mpe mama simu. Mimi na yeye tutaingia ndani. Mimi sitaishika."

Vitalis alimtazama mkewe. Severina akatikisa kichwa kukubali, na simu ikatoka ndani ya shati, imelowa jasho.

Kijumbani mlikuwa na kiti kimoja na redio ya mawasiliano. Violet alifunga mlango, akageukia dirisha, akampa Severina mgongo.

"Itafute mwenyewe ile ya kibali, mama. Ukiipata, nisomee namba tu."

Severina alipitisha kidole. Kidonda, kidonda, kidonda, kila kimoja kikiwa kimefifia kidogo kuliko cha kabla yake, na katikati yao ile picha ya Vitalis mwenye sura ya mgonjwa. Akasoma namba polepole. Violet aliirudia kwenye redio, wakasubiri. Redio ilikwaruza.

"Namba ni sahihi," ilisema sauti ya mtu wa mbali. "Vitalis wa Lupaso, swala wawili. Kama amepata mmoja, anabakiwa na mmoja."

Severina aliitazama ile redio. "Kumbe namba tu ilitosha?"

Violet aligeuka. Alikuwa na umri wa kuwa binti yake, na uso ulimshuka.

"Ilitosha, mama. Tangu asubuhi."

Nje, Christopher alisikiliza taarifa akiwa amesimama. Akawapigia polisi kwa redio wasije. Akamrudishia Vitalis bunduki kwa mikono miwili, kisha akamgeukia Severina, na sauti yake ya taratibu ilikuwa imepotea njia.

"Mama, nisamehe. Kazi hii inatufanya tumwone kila mtu kama jangili."

"Nimekusamehe," alisema Severina. "Ila kesho akija mwingine, muulize namba. Ndani ya simu ya mtu mna nyumba yake."

"Tutauliza namba."

Huo ulikuwa ukweli wa siku ile. Wawindaji wa Lupaso wanasema siku nyingine huulizwa namba, siku nyingine bado huambiwa walete simu. Inategemea nani yuko zamu. Lakini tangu hapo wengi huandika namba kwenye kipande cha karatasi na kukitia mfukoni, na wale wa Chiwata waliokuwapo husimulia ni kwa nini, bila kutaja jina la mwanamke.

Njiani kurudi walipakizana watatu kwenye pikipiki ya Nasibu, na swala juu ya mapaja ya Vitalis. Lupaso ilikuwa imeshaonekana mbele.

"Shemeji," alisema Nasibu bila kugeuka, "mimi nimekufa. Neno halitoki kwangu."

Kesho yake saa mbili asubuhi, mkewe Nasibu, Shakila, alikuwa uani na bakuli la uji wa mtama.

"Mama Oliva, Nasibu ameniambia," alisema. "Nikamkataza asimwambie mtu mwingine. Lakini alikuwa ameshawaambia watatu."

Severina alikaa juu ya kigoda, akasubiri kile alichokiogopa tangu mwezi wa nane. Wanawake walikuja, kweli. Walikuja wanne, kisha saba. Aliwatazama nyuso akitafuta ule uso wa Chilangala. Lakini mmoja aliona makopa yaliyokuwa yameachwa nusu tangu jana, akachukua ungo akaendelea kuanika. Mwingine alikwenda kisimani na ndoo zake bila kuombwa. Shakila akamwamuru Severina asiinue mkono wa kushoto, akageuka askari wa ua mzima, na ilipofika saa sita walikuwa wanabishana juu ya bei ya korosho kama siku zote.

Aliyekasirika alikuwa mmoja tu, mama mkwe wake Anastasia, aliyekuja akigonga fimbo chini tangu njiani.

"Nimekuzalia mume," alifoka, "nimemlea mpaka akafaa kukupa, halafu unanificha titi?"

Wanawake wakaangua kicheko. Severina naye, baada ya miezi miwili, akacheka mpaka kidonda kikamuuma, na bibi huyo akaketi karibu naye mkekani akamshika mkono, bado amekasirika, na hakuuachia mpaka jua lilipogeuka.

Jumatatu iliyofuata Bertila alipiga simu: bahasha imefika, njooni. Hakusema zaidi, kwa sababu haruhusiwi. Vitalis na Severina walifika Newala asubuhi, upepo wa juu ya uwanda ukivuma baridi, wakakaa kwenye benchi la nje. Vitalis alikuwa amevaa shati la kanisani.

Daktari alifungua bahasha mbele yao. Alisoma ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili, akarudi wa kwanza. Severina alihesabu vigae vya ukutani.

"Si saratani," alisema daktari.

"Rudia," alisema Vitalis.

"Si saratani, mzee. Ni uambukizo uliokaa muda mrefu. Kuna dawa, atameza kwa miezi kadhaa bila kukosa, na kidonda kinapona. Hizi picha zenu zimesaidia sana, tumeona jinsi kinavyofunga."

"Rudia lile la kwanza."

Daktari alirudia mara ya tatu, safari hii akitabasamu. Bertila, aliyesimama mlangoni, aligeukia ukuta. Severina hakulia wala hakucheka. Alihisi mabega yake yakishuka, akashangaa, kwa sababu hakuwa amejua kwamba yalikuwa juu.

"Nnungu wangu," alimshukuru Mungu taratibu.

Walitoka na mfuko wa dawa, wakashuka mpaka stendi kutafuta gari la kurudi Masasi. Watu walikuwa wengi, ilikuwa siku ya gulio: magunia, kuku waliofungwa miguu, akina mama wenye beseni za ming'oko, vile viazi vya porini. Vitalis alisimama katikati ya njia, akatoa simu. Severina alidhani anatazama saa. Akamwona anaiweka sikioni.

"Nasibu!" alipaza sauti, maana mtandao ulikuwa unakatika. "Nasibu, unanisikia? Zima! Nasema titi la mke wangu ni zima! Siyo saratani! Zima kabisa!"

Vichwa vikageuka. Kondakta aliyekuwa anaita abiria akasogea kusikiliza.

"Baba Oliva!" Severina alimvuta mkono wa shati. "Watu!"

"Waache wasikie," alisema Vitalis, akaendelea kupiga kelele. "Mwambie mama! Mwambie na Shakila! Mwambie yeyote unayemtaka!"

Severina alijifunika uso kwa kanga, na ndani ya ile kanga alikuwa anacheka. Hakumvuta tena. Mwanamke mmoja muuza ming'oko, asiyemjua, aliinuka kutoka kwenye beseni lake, akafungia mafungu mawili kwenye jani, akamtia mkononi.

"Pole, mama," alisema. "Na hongera."

Severina akapokea vyote viwili.